Bibi akisema "sijambo", hesabu pumzi

Haya jamani, wiki hii tuongee 999. Bibi ana homa, anakohoa, ambulensi imefika, na mkalimani ni wewe. Akiulizwa hali anajibu "sijambo", maana ndivyo alivyolelewa. Wahudumu wa hapa Uingereza hawaishii hapo. Wanahesabu pumzi kwa dakika: 12 hadi 20 ni kawaida, 25 na kuendelea ni alama 3. Wanapima pia oksijeni, mapigo ya moyo, presha, joto, na kama amechanganyikiwa. Jumla ikifika 7, ni dharura. Ila kwetu wenye ngozi nyeusi, kipimo cha kidoleni huweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo. Kwa hiyo usitafsiri "sijambo" ukanyamaza. Ongeza: "Jana alipanda ngazi mwenyewe, leo hata sentensi haimalizi."