Muulizeni kwanza kwa Kinande
Mtoto wa darasa la kwanza pale Butembo, mashariki mwa Kongo, akikaa kimya muda mrefu, huitwa mjinga, na wengine hunong'ona habari za pepo. Siyakubali maneno hayo. Nyumbani anasikia Kinande, barabarani Kiswahili, na ubaoni anakuta Kifaransa, ingawa sheria ya elimu ya 2014 inataka mwanzo wa shule ya msingi ufundishwe kwa lugha za kwetu. Tena wengi wamekimbia kutoka Beni, ambako tangu Oktoba 2014 raia wanauawa, na wapo walionyamazishwa na waliyoyaona. Kwa hiyo mwalimu amwite mama au bibi, amuulize: kwa Kinande, akiwa ametulia, mtoto anasimulia? Anageuka akiitwa? Anacheza na ndugu zake kwa kupeana zamu? Akifanya hayo nyumbani, huenda ni lugha au woga, naye azoeshwe shule taratibu. Asipoyafanya hata huko, apimwe masikio kwanza, maana malaria kali na homa ya uti wa mgongo zaweza kuharibu usikivu. Kisha ufikiriwe usonji (autism), ambao daktari Leo Kanner aliueleza mwaka 1943 na ambao si laana ya ukoo wowote. Najua madarasa yamefurika tangu masomo ya bure yaanze 2019. Hata hivyo, kumkalisha mbele, kumpa agizo moja moja na kumtafutia mwenzake mpole wa kucheza naye hakuhitaji hata franga moja. Na fimbo iwekwe chini leo hii.