Mwacheni Apungue

Kimanga, mjini Uvira, anayetaka kupunguza uzito hukatishwa tamaa na majirani kabla ya njaa. Kilo chache zikitoka, maswali yanaanza: “Mama, uko mugonjwa? Ao kuko matatizo nyumbani?” Unene bado ni sifa (kwa mume pia!), na aliyekonda huonekana amekwisha.

Jikoni nako kuna kazi. Bukari ya muhogo, sombe, ndagala, na mawese yanayomiminwa bila kupimwa, ingawa kijiko kikubwa kimoja kina kalori zipatazo 120.

Halafu mizani inagoma: mwili uliopungua hutumia nishati kidogo kuliko awali. Hapo ndipo wengi huacha.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Kutembea haraka kunatosha. Jirani mwenye maswali angevaa viatu, wakafuatana hadi bandarini Kalundu.