Mpangaji, soma mita mwenyewe

Mashine nyingi za kusaga na karakana za kuchomelea katika miji yetu midogo zimo kwenye fremu za kupanga. Mwenye nyumba hununua umeme wa LUKU, kisha humfungia kila mpangaji mita ndogo ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka. Mwisho wa mwezi huja na karatasi, nawe unalipa. Sioni kwa nini mtu anayempimia mteja mahindi kwenye mizani mbele ya macho yake akubali umeme wake upimwe bila yeye kuona.

Mita yenye tarakimu haina taabu. Soma kutoka kushoto na uache tarakimu ya mwisho yenye rangi nyekundu, ambayo ni sehemu ya kumi ya yuniti. Kazi ipo kwenye mita ya mishale, yenye visaa vinne au vitano. Kisaa kimoja huzunguka kwenda kulia, jirani yake kwenda kushoto. Mshale ukiwa kati ya namba mbili, chukua ndogo. Kati ya 9 na 0, chukua 9.

Wengi hukosea hapa: mshale wa mamia unaonekana umesimama juu ya 8 kabisa. Tazama kisaa cha makumi, kulia kwake. Kama chenyewe bado kiko kwenye 9, mzunguko haujatimia, na mamia ni 7. Anayeandika 8 amekuongezea yuniti 100. Kwa makubaliano ya shilingi 400 kwa yuniti, hizo ni shilingi 40,000. Kosa hilo hujirekebisha mwezi unaofuata mita ikisomwa vizuri, lakini mpangaji aliyehama hazioni tena fedha zake.

Someni pamoja, tarehe ileile kila mwezi, na wote mtie saini daftarini. Andika pia madebe uliyosaga. Mota ya nguvu za farasi 10 ni takriban kilowati 7.5, hivyo saa moja ya kazi nzito hula kama yuniti 8. Asiyejua debe moja linakula umeme kiasi gani anapanga bei ya kusaga kwa kubahatisha.

Ukiwa na shaka, zima kila kitu chako, kisha itazame sahani kwa dakika chache. Ikiendelea kuzunguka, muite fundi: ama umeme unavuja, ama kuna waya unaokwenda kwa jirani.