Nyani si Mwizi wa Mahindi Tu

Kwa mkulima wa Mapera, wilayani Mbinga, nyani ni mwizi wa mahindi. Hukumu hiyo ni ya haki, lakini haijakamilika. Katika damu ya mnyama huyo mna elimu ambayo taifa lenye mbung'o halina budi kuithamini.

Binadamu na nyani wanayo protini ya kinga iitwayo APOL1, ambayo hutoboa vijidudu vya nagana na kuviua. Sokwe, ingawa ni jamaa wa karibu zaidi wa binadamu, hanayo. Lakini kijidudu cha malale ya Afrika ya Mashariki kimejipatia silaha yake, protini ya SRA, inayoinasa APOL1 ya binadamu na kuilemaza. Ile ya nyani hainasiki, kwa sababu ya tofauti ndogo ya umbo. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba panya waliotiwa jeni hiyo ya nyani walikingika na malale.

Basi mashamba na yalindwe, lakini nyani asiangamizwe. Kinga hiyo ni zao la mapambano ya miaka mingi mno. Kumwangamiza kiumbe kabla ya kuichunguza damu yake ni sawa na kuchoma kitabu kabla ya kukisoma.