Umepimwa TB ukaambiwa huna, mbona bado unakohoa?

Mtu amekohoa zaidi ya wiki mbili, amekonda, usiku anatokwa jasho. Anafunga safari hadi Ifakara, anapimwa, anaambiwa hana kifua kikuu. Mwezi unapita na hali inazidi kuwa mbaya. Kijijini watasema mashine mbovu, wengine watasema karogwa. Sisi tungeuliza kwanza: alitema nini kwenye kile kikopo?

Mashine ya GeneXpert, iliyopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, huonyesha vimelea vya TB ndani ya saa mbili hivi, na kama ni sugu kwa dawa ya rifampisini. Lakini vimelea vimo mapafuani. Ukitema mate, mashine itapima mate.

Basi sukutua mdomo kwa maji, toka nje, kaa mbali na watu. Vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha kohoa kwa nguvu kutoka kifuani, si kooni. Makohozi mazito ya kujaa kijiko cha chai yanatosha. Ya alfajiri ni bora, maana yamejikusanya usiku kucha. Anayeshindwa kuyatoa anaweza kuvutishwa mvuke wa maji ya chumvi hospitalini.

Watoto wadogo ndio wanaosahaulika. Wao humeza makohozi. Ndiyo sababu mganga anaweza kupitisha mpira mwembamba puani hadi tumboni, asubuhi kabla mtoto hajala, mama asishtuke. Siku hizi hata choo cha mtoto kinaweza kupimwa kwa mashine hiyohiyo, na hilo halimuumizi.

Kule Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, panya buku waliofunzwa hunusa makohozi yaliyokwisha kupimwa kliniki. Wamebaini wagonjwa wengi walioambiwa hawana TB. Kwa hiyo jibu la kwanza si lazima liwe la mwisho.

Kwa maoni yetu, bonde letu lina ugumu wake. Msimu wa mpunga familia huhamia mashambani, na kumwambia mtu wa huko "rudi kesho na makohozi ya asubuhi" ni kumpoteza. Apewe kikopo na maelezo siku ileile, na mhudumu wa afya wa kijiji asaidie kukifikisha.

Kupima na kutibiwa TB katika vituo vya serikali ni bure. Kama bado unakohoa, rudi uombe kupimwa tena.