Ngome Yatazamwa Majini

Anayeijua Ngome ya Yesu, Mombasa, kwa lango la barabarani pekee hajaiona. Mwaka jana nilipita chini ya kuta zake, zilizoanza kujengwa 1593, nikipiga kafi katika kayaki. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini Waomani waliizingira tangu 1696 hadi 1698 ndipo wakaitwaa. Lililoniudhi ni kwamba kiongozi wetu, mzawa wa Mji wa Kale, alitueleza yote kwa Kiingereza, nasi tulikuwa Wakenya watupu! Nilipomwuliza kwa Kiswahili kuhusu mkondo, maneno bamvua, maji mafu na kusi yalimtoka bila kutafutwa. Naiomba idara igharimie ziara hiyo katika safari zetu za nyanjani, na iongozwe kwa Kiswahili.