Dawa iliyomponya panya si lazima imponye mama yako

Binti mmoja alimleta kliniki mama yake mwenye umri wa miaka 71, kisha akanionyesha ujumbe kwenye simu: dawa ya ugonjwa wa kusahau imepatikana. Tukausoma pamoja hadi mwisho. Waliopona walikuwa panya.

Ndugu msomaji, habari za aina hii si lazima ziwe za uongo. Tatizo ni kwamba panya wa kawaida hapati ugonjwa wa Alzheimer. Watafiti humpandikizia jeni za binadamu ili ubongo wake ujae protini iitwayo amiloidi. Hapo wanapata sehemu moja ya ugonjwa, si ugonjwa wote.

Hasara yake tumeshaiona. Mwaka 1999 ilitangazwa kwamba chanjo dhidi ya amiloidi imeipunguza protini hiyo kwa panya. Ilipofika kwa binadamu, jaribio lilisimamishwa mwaka 2002. Kati ya wagonjwa 298 waliochanjwa, 18 walipata uvimbe wa ubongo na utando wake. Panya hawakuwa wametoa onyo hilo.

Tofauti kama hizi ni miongoni mwa sababu zilizoifanya mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, itangaze Aprili 2025 mpango wa kupunguza majaribio ya wanyama. Mbadala mmoja ni viubongo vya maabara, vilivyotangazwa na watafiti wa Vienna mwaka 2013. Seli za ngozi ya mgonjwa hurudishwa kuwa seli shina, kisha huelekezwa kuwa seli za ubongo.

Ni hatua njema, lakini tusiipokee kwa shangwe ileile tuliyompa panya. Kiubongo hicho ni kidogo kama punje ya choroko. Hakina mishipa ya damu, na mara nyingi hakina seli za kinga, ambazo ndizo huchochea uvimbe, mpaka ziongezwe. Wala hakijaishi miaka 70 na shinikizo la damu.

Hata dawa iliyovuka vizingiti vyote huja na kiasi. Lecanemab, iliyojaribiwa kwa watu 1,795 kwa miezi 18, ilipunguza kasi ya kuzorota kwa asilimia 27. Haikurudisha kumbukumbu, na baadhi yao walipata uvimbe au kuvuja damu kwenye ubongo.

Kwa hiyo ukipokea ujumbe kama ule, uliza: imejaribiwa kwa nani, wangapi, kwa muda gani? Usimwachishe mzazi dawa zake wala kutuma fedha kabla ya kupata majibu.

Mama yule tulimpima tezi la shingo na vitamini B12, tukamchunguza kama ana sonona, tukapitia dawa zote anazomeza, maana kila kimoja kinaweza kuleta usahaulifu unaotibika. Tukapima pia shinikizo la damu na sukari. Hayo hayasubiri ugunduzi wowote. Mlete mzazi wako mapema.